Nafasi ya Marehemu Shimba

Siku ya kuanua matanga, Obedi, meneja wa kiwanda cha samaki, alisimama mbele ya waombolezaji kule Buhongwa akatangaza kwamba nafasi ya marehemu Shimba itachukuliwa na mdogo wake, Mayala. Watu wazima na akili zao, msibani hapo hapo, wakapiga makofi. Mayala hakuwa na kazi ya maana, vibarua vya kuchomelea mageti tu, lakini roho yake ilikataa. Kaka yake alifia ndani ya chumba cha baridi cha kiwanda hicho hicho. Kitasa cha ndani cha mlango wa chumba hicho kilikuwa kimekatika tangu masika, kila mfanyakazi alijua, na bado kiwanda kikasema ni presha.

Baba yao mdogo, mzee Machibya, akamfunda. Mkubwa hakataliwi kavukavu, alisema. Ukimuudhi leo, kesho hata rambirambi ya mjane hutaiona. Kwanza ashukuru, kisha asingizie afya, mwisho akiombee kiwanda baraka. Habari ya mlango aimeze.

Basi Jumatatu Mayala akavaa shati la kanisani, akaenda kiwandani, Kirumba. Alishukuru. Akasema kifua chake hakipatani na baridi. Ilipofika zamu ya baraka, aliyatoa maneno kama alivyofundwa: Mungu akizidishie kiwanda baraka. Alijichukia kwa kila neno.

Obedi hakumbembeleza hata kidogo. Alisema vijana wenye adabu namna hii wameadimika, akampa mkono, kisha akamwita mtu aliyekuwa anangoja nje.

Aliyeingia ni Modesta, mjane wa Shimba. Alivaa koti jeupe la kiwanda na buti za mumewe, zimempwaya, amejaza matambara mbele, penye vidole vya miguu. Obedi alieleza bila haya kwamba shemeji mtu alikuwa amekuja kuiomba nafasi hiyo tangu Ijumaa, akaambiwa asubiri Mayala aikatae mwenyewe. Modesta alikuwa anatazama sakafu.

Hapo ndipo adabu ilipomwisha Mayala, na ilikuwa imechelewa kuisha.

"Ule mlango umetengenezwa?"

Tabasamu la Obedi likafifia. "Mayala, tumeshaagana vizuri."

"Nauliza kitasa cha ndani."

Aliyejibu ni Modesta, kwa sauti ya chini.

"Shemeji, si umesema kifua kinakusumbua? Nenda nyumbani ukapumzike. Mimi nina watoto."

Mayala alitafuta neno la kumwambia, akakuta yote mazuri ameshayamaliza kwa Obedi. Meneja akamfungulia mlango wa ofisi, akamshukuru kwa kuja. Alipofika getini bado alizisikia zile buti zikiburuzwa sakafuni, kuelekea chumba cha baridi.