Udi Katika Nyumba ya Eda

Tamima alikuwa bado amekaa eda, na nyumba yake ya Mbweni ilikuwa ikinukia udi.

Hilo lilikuwa balaa. Mjane wa eda hajitii manukato wala hajifukizi, hata watoto wa chuoni wanajua. Chetezo cha kufukizia alikiosha siku alipozikwa mumewe, Zahran, akakifungia kabatini. Lakini kila baada ya sala ya alasiri, wakati ambao Zahran, enzi za uhai wake, alikuwa akirudi kutoka kwenye miti yake ya udi, harufu ilipita mlangoni, ikaingia chumbani, ikatulia upande wa kitanda aliokuwa akilala marehemu.

Miudi hiyo ilikuwa wazimu wa Zahran. Mti mzima haunukii kitu, sharti uugue kwanza. Basi alitoboa mashina kwa keekee, akatia ukungu aliouotesha chupani, akaziba matundu kwa nta, ili mti ujitetee kwa kutoa utomvu mweusi wenye harufu. Majirani walimcheka: mtu gani anapanda mti halafu anautia maradhi? Miti ikafa mmoja mmoja. Ukabaki mmoja tu, nyuma ya dirisha la chumbani.

"Udi wake wa kwanza ntakufukiza weye," alimwambia mkewe, "kuanzia nywele mpaka ncha ya kanga."

Tamima alimpenda mno. Eda ndiyo zawadi ya mwisho aliyoweza kumpa, na alitaka kuimaliza safi.

Siku moja akaingia Bi Tahiya, mama yake Zahran, pua juu.

"Shikamoo, mama."

Marahaba hakuitoa. "Mwanangu hata udongo haujamkaukia, weye ushaanza kujifukiza?"

"Wallahi sijafukiza. Njoo ukione chetezo."

Kilikuwa baridi, kina vumbi. Bi Tahiya alikinusa, akageuka kulitazama dirisha.

"Basi ni ule mti," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini udi haunukii hivi bila ya moto. Ukatwe, mwanangu. Watu watakusema."

Tamima aliitikia kwa kichwa. Alihisi anamzika Zahran mara ya pili.

Asubuhi akaja Machano na shoka. Huyu kazi yake ilikuwa kukata minazi. Alipouangusha akaona shina ndani jeusi tii, akajua ni ugonjwa, na mti mgonjwa huchomwa usiambukize mingine. Hakuuliza mtu. Akaurundika chini ya dirisha, akawasha, akaenda zake kunywa chai.

Tamima alikimbilia dirisha alifunge, moshi ukamtangulia. Ukamwingia nyweleni, ukamshuka shingoni, ukaifuata kanga mpaka ncha. Akabana pumzi. Uani alimsikia Bi Tahiya akilia, "Zahran, baba! Zahran!" wala asiuzime moto. Tamima alibana mpaka akaona kiza. Kisha akashindwa, maskini. Akavuta pumzi, akavuta tena.

Alasiri alikaa kitandani na kanga ileile, akiutazama mlango. Hakukuingia kitu.