Watoto Wasiojitoa

Mama Haesol alimpa Mwalimu Im Seonok mtindi wa kunywa pale pale mlangoni, kabla hajavua hata viatu, na Seonok akajua mambo yameharibika. Mzazi anayetaka kuendelea hukuingiza ndani kwanza.

"Mwalimu, usinielewe vibaya," mama alisema. "Haesol anakupenda mno. Ila kazi ya baba yake imeyumba. Tunaomba tupumzike kidogo."

"Hamna shida, Mama Haesol. Ngoja nimuage."

Haesol akatoka na penseli sikioni, akauliza kama wiki ijayo watamaliza kugawanya. Seonok akasema watamaliza.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka maghorofa ya mtaa wa Bupyeong na begi la vijitabu vya mazoezi, robo saa kila nyumba, mara moja kwa wiki. Wazazi walilipa ada kila mwezi na yeye akapata fungu lake humo. Kampuni ilimwita mwalimu wake ilipotaka kujisifu, na mfanyabiashara huru ilipofika zamu ya bima. Alichokuwa nacho ni eneo, yaani maghorofa yake, na eneo hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yake mgonjwa. Ukipoteza watoto wengi linakatwa, anapewa mwenzako. Hakuna kitu alichokiogopa kuliko hicho.

Jioni akapeleka habari kwa Bang, meneja wa tawi.

"Amejitoa?" Bang hakuinua hata macho. "Nani kasema amejitoa?"

"Mama yake."

"Mwalimu Im, mwisho wa mwezi huu, unataka kuniua? Makao makuu wanaangalia vitu viwili tu: fedha inayojirudia kila mwezi, na wateja wangapi wamebaki. Kimoja kikishuka nachinjwa mimi, na mimi naanza kukata maeneo."

"Sasa nifanyeje, Meneja? Mtoto hayupo."

"Kwani wale wako wengine wapo?"

Hapo akawa amemshika pabaya. Doyul alihamia mji wa Daejeon zamani, na wale pacha wa ghorofa ya saba walishaacha. Kwenye kompyuta ya kampuni wote walikuwa bado wanasoma, na ada zao zilitoka kwenye akaunti ya Seonok. Walimu waliliita jambo hilo kubeba. "Wewe unabeba wangapi?" waliulizana wakila tteokbokki, vitonge vya mchele vya pilipili, kwenye kibanda cha nyuma ya tawi, wakicheka kicheko cha mtu aliyebanwa vidole na mlango. Bang hakumlazimisha mtu kubeba, la hasha. Alikaa tu na ramani ya maeneo mezani na kalamu nyekundu mkononi.

Basi Seonok akambeba na Haesol. Afadhali kulipia watoto wanne kuliko kupoteza maghorofa yote. Ni hesabu ya kijinga, lakini ukiifanya huku mama yako anakohoa chumba cha pili, inatoka sawasawa.

Kitu kimoja tu alikikataa: kuandika kwamba amewafundisha. Fedha alitoa, ila kuweka sahihi kwa somo ambalo hakulifundisha, hapana. Kwenye kompyuta safu ya ziara aliiacha tupu. Wenzake nao waliiacha tupu, wengine kwa dhamiri na wengine kwa uvivu, na Seonok alijihesabu miongoni mwa wenye dhamiri. Hilo lilimsaidia kulala.

Masika makao makuu yakamtuma Bi Pyo, mchambuzi wa takwimu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya upole. Walimu walikaa kwenye viti vya kukunja, Bang akasimama nyuma akikoroga kahawa yake kwa karatasi ya pakiti yenyewe.

"Hongereni sana!" Bi Pyo akasema. "Tawi hili linaongoza kwa wateja wanaobaki."

Wakapiga makofi. Wangefanya nini?

"Nikataka kujua wanabaki kwa sababu ya nini. Siku zote tumeamini ni mwalimu." Akawasha picha ukutani, nguzo mbili, moja ndefu kuliko nyenzake. "Hii fupi ni ya watoto wanaotembelewa kila wiki. Kila mwezi wachache wanaondoka. Na hii ndefu ni ya wale ambao kumbukumbu hazioneshi mwalimu kufika kwao kabisa. Hebu itazameni. Mwaka mzima hakuondoka hata mmoja!"

Karatasi ya Bang ikaacha kukoroga.

"Kwa hiyo familia zinalipia vijitabu na jina letu, hazilipii ziara. Kuanzia mwezi ujao tawi hili linahamia kwenye tableti. Wateja watabaki, na gharama ya walimu itatuondokea."

Seonok aliitazama ile nguzo ndefu. Aliijua vizuri. Ndani yake alikuwemo Doyul, walikuwemo pacha, alikuwemo Haesol na penseli yake, na kila won ya fedha iliyoisimamisha ilitokana na jasho lake na la wenzake. Alimgeukia mwenzake wa kulia, akamkuta ameinamia viatu.

Akamkimbilia Bi Pyo kwenye lifti.

"Ile nguzo ndefu," alisema. "Wale watoto hawapo."

"Hawapo wapi?"

"Hawapo kabisa. Walishajitoa. Tunawalipia sisi walimu."

Mlango wa lifti ukafunguka, ukajifunga, Bi Pyo hajaingia. Alielewa upesi, uso wake ulionesha.

"Meneja anajua?"

"Ndiye anayetubebesha."

"Mwalimu, picha ile wenye hisa wameshaiona." Akapunguza sauti. "Na mkataba wako unasema mwanafunzi hewa ni kosa la mwalimu. Ukiliandika hili, atakayedaiwa ni wewe. Mimi sijalisikia. Pole sana, kwa kweli."

Akainama kwa heshima zote, akabonyeza kitufe tena.

Mwezi uliofuata Seonok hakuwa na eneo. Benki lakini ilimtumia ujumbe kama kawaida: ada imekatwa. Akapiga simu huduma kwa wateja kuwaondoa watoto wote wanne, akaanza na Doyul. Akapokea kijana mchangamfu.

"Ah, Doyul! Naona hapa ni mwanachama wetu mwaminifu sana. Ada haijawahi kuchelewa hata siku moja. Mama Doyul, kuna mahali tumekukosea?"

"Hapana."

"Tusingependa kabisa kukupoteza, mama. Wateja kama wewe ndio mnaotuweka mjini. Nikupe mwezi mmoja bure ufikirie kwanza? Tafadhali."

Seonok alitaka kucheka. Miaka yote aliyopanda ngazi za Bupyeong na lile begi, hakuna mtu wa kampuni aliyewahi kumwambia tafadhali, baki.

"Nitoe tu, mwanangu."

"Sawa, mama. Naomba nijaze sababu. Bei, kuhama, au mtoto hapendi?"

"Mwalimu hayupo tena."

Akasikia vidole vikitafuta kwenye kibodi.

"Hiyo haimo, mama. Niweke bei?"

"Weka bei."

Kijana akaweka bei, akamshukuru kwa uaminifu wake wa muda mrefu, akauliza mtoto wa pili ni nani.