Mjomba wa Mwizi

Kiwanda cha magunia kilipofungwa, wenzetu walikimbilia mitumba. Mimi na Martina tukakimbilia gerezani. Watu walitucheka, na wengine wanatucheka hadi leo. Kazi yetu ilikuwa kuwafuata walalamikaji na kuwaomba wakubali kupatana, ili mwizi wa kuku asioze mahabusu. Kaka yangu alifia humo akisubiri kesi ambayo haikusikilizwa, kwa hiyo mtu asiniambie jela ni chuo.

Severin alikuwa humo tangu masika. Alimwibia Juliana wa Mlali cherahani, tegemeo lake la kushona sare za shule, akaiuza Dodoma, na haikuonekana tena. Kwetu hakuficha kitu. Hakimu alituambia wazi: Juliana akija kusema wamepatana, atalifuta shauri, asipokuja, Jumatatu Severin anafungwa.

Tukaenda Mlali na baba yake, Yeremia, Mgogo wa watu, kibarua wa mashamba ya miwa. Juliana alitupa viti, akamsikiliza mzee akiomba msamaha mpaka machozi yakamtoka. Kisha akanigeukia mimi.

"Dada Winfrida, kwenu wapi?"

"Songea."

"Ndiyo maana. Umeniletea mgeni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Huyo kijana ana mjomba, Mikaeli, nyumba ile pale ya bati. Amesikia nalia na hata pole hajanipa. Sasa nimsamehe nani?"

Niliona aibu, halafu nikakasirika. Tulipotoka nikamuuliza Yeremia kwa nini hakuniambia.

"Nilijua," akasema. "Lakini mama yake ameshakufa, na mimi ndiye niliyemlea. Nilitaka safari hii awe wangu."

Nikashika njia ya nyumba ya bati.

Mikaeli tulimkuta akifunga matenga ya nyanya. Tulimwamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Polisi nilimpeleka mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Acha akafunzwe."

Hapo nilisahau heshima. "Na kaka yangu walisema hivyo hivyo, mzee. Alirudi kwenye sanda."

Akaendelea kukaza kamba. Martina alinivuta kanga, tukaondoka.

Jumapili tulirudi kwa Juliana, tukiwa na Yeremia, kujaribu mara ya mwisho. Nilikuwa katikati ya hotuba yangu Mikaeli alipoingia uani na jembe begani. Alikataa kiti, akakaa chini.

"Juliana," akasema, "nimekuibia."

Hakusema kijana wangu, wala hakumtaja Severin.

"Niliingia kwako, nikachukua cherahani, nikaiuza. Ya kukurudishia sina. Mikono ninayo."

Hotuba yangu ilikuwa imekwisha kazi, nami nikaimeza.

"Basi ukalime," Juliana alisema. "Mpaka nyanya zangu zininunulie cherahani."

Jumatatu Juliana alikwenda mahakamani kusema wamepatana. Karatasi za kumtoa Severin zikachelewa, maana kumwingiza mtu ni haraka kuliko kumtoa. Alipoachiwa, mimi na baba yake tulimpeleka Mlali. Nyumba ya mjomba ilikuwa imefungwa. Jirani akatuelekeza shambani kwa Juliana.

Mzee alikuwa ameinama katikati ya matuta, akipalilia kwenye jua kali, shati limemganda mgongoni. Juliana alikaa pembeni, akishona pindo la sare kwa mkono. Severin alisimama. Kusema kweli, nilidhani atakimbia. Akavua viatu, akaingia kwenye matuta.

"Shikamoo, mjomba."

Mikaeli alimkabidhi jembe, akaenda kukaa kivulini, akafunika uso kwa kofia, mabega yakimtikisika.

Yeremia alibaki ukingoni, hajui aweke wapi mikono yake. Nilimwonea huruma. Juliana aliweka sare chini, akainuka, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mgomba.

"Baba Severin," akaita, "mgeni siku mbili."

Yeremia akalipokea, akaenda kushika tuta la karibu na mwanawe.