Kichwa cha Msusi

Siku sita za wiki Fundi Cheche alikuwa mtu wa vyuma. Alikuwa na karakana ya mabati kando ya barabara, akichomelea mageti, madirisha na vitanda, na jina lenyewe alipewa kwa ajili ya cheche zilizomrukia mchana kutwa mpaka mashati yake yote yakawa na vitundu kama chujio la chai. Siku ya saba, Jumapili, alikuwa anasuka nywele za wanawake. Ndiyo, umesikia vizuri. Mwanamume wa miaka hamsini na tisa, kipara kinang'aa, mikono kama koleo, amesimama nyuma ya kiti sebuleni kwake, kitana amekibana kwa meno, anamsuka mwalimu mkuu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize. Wenzake wa karakana walishacheka mpaka mbavu zikawauma, na yeye hakuacha.

Msusi wa kweli wa nyumba ile alikuwa mkewe, Mama Pacha. Miaka ishirini na sita alisukia hapo hapo sebuleni, yeye juu ya kigoda, mteja chini kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na wengine kwenye benchi wanasubiri zamu huku wanachambua habari za mtaa mzima. Mapacha wake walikulia chini ya benchi lile mpaka wakaolewa, wakaenda zao. Kisha viungo vya vidole vikaanza kumvimba. Daktari akasema ni baridi yabisi, akampa dawa, akamwambia aipumzishe mikono. Mama Pacha akauliza aipumzishe mpaka lini. Daktari akaanza kutafuta kalamu yake mezani, na kalamu alikuwa ameishika mkononi.

Siku aliyoshindwa kufunga hata kifungo cha gauni, Mama Pacha alikaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akamwambia mumewe, "Baba Pacha, sasa mimi ni wa kazi gani?"

Swali lile lilimkata maini. Fundi hakuwa mtu wa maneno, na ukimwambia atoe hotuba atakuchomelea kitanda. Kesho yake alirudi na mafungu matatu ya kamba laini, akayafunga kwenye nondo za dirisha, akasema, "Nifundishe."

Mama Pacha alidhani ni mzaha. Alipoona mzee hatanii, akajisogeza nyuma yake, akaanza. Shika tatu. La kulia lipite juu, la kushoto lipite juu, okota kidogo chini, kaza. Kaza, Baba Pacha, hiyo ni nywele au mkia wa mbuzi? Kaza. Mwezi mzima, kila jioni akitoka karakana, mtu anasuka dirisha. Jirani mmoja alikuja kumuuliza Mama Pacha kwa sauti ya chini kama mzee ameanza kuchanganyikiwa. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," Mama Pacha akamjibu, "sasa huyu mwenye kipara sijui tumweke fungu gani." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa nyuma ya mkono. Fundi, ambaye hakuwa amesikia kicheko kile kwa miezi, akafumua kamba zote akaanza upya.

Wateja waliporudi walikuta mpango mpya. Mikono ni ya Fundi, maarifa ni ya Mama Pacha. Mkeka ulikunjwa, kikaletwa kiti, maana heshima ni heshima, na mke wa mtu hawezi kukaa katikati ya magoti ya mume wa mtu. Fundi akasimama, Mama Pacha akakaa nyuma yake kwenye kigoda, akawa anachungulia pembeni na kuongoza. Anzia utosini. Hapo ipinde kidogo. Huyu uso wake mwembamba, usimwinulie sana mbele. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Jumapili zile nyumba ilikuwa na vidole kumi vya Fundi na macho mawili ya Mama Pacha, na kazi ikaenda.

Ikaenda mno, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Mtu aliyepima mageti kwa jicho miaka thelathini hapindishi mstari. Njia za kichwani zikatoka zimenyooka mpaka watu wakawa wanasimamishana barabarani kuulizana nani kakusuka. Nesi wa zahanati, mteja wa siku nyingi, alikuwa anakuja na vidonge vyake viwili vya kichwa, anavimeza kwa maji kabla hajakaa, na Fundi akimwonea huruma kwa kazi ngumu anayoifanya kule. Mwalimu mkuu alikuwa akitoka pale nyusi zimepanda, uso umenyooka, na Fundi akijisifu moyoni kwamba amempunguzia miaka kumi. Wote walikuwa wanashukuru na kuondoka. Ila maswali yao yalianza kugeuka. Mwanzo walimuuliza Mama Pacha mtindo gani utawafaa. Baadaye wakawa wanamuuliza Fundi, na Mama Pacha yuko pale pale, hatua moja nyuma, kama redio iliyoisha betri.

Jumapili moja nesi alifika, akachungulia, akamkuta Mama Pacha peke yake sebuleni. "Shikamoo mama. Kumbe hakuna mtu?" akasema, na hakukusudia ubaya. Mama Pacha akaitikia salamu, akamwita mumewe, akaingia jikoni. Hakutoka tena siku ile. Wiki iliyofuata kigoda kilikaa kitupu, na Fundi alipomwita akasema, "Mnaweza bila mimi. Nina maharage motoni."

Maharage gani ya kila Jumapili? Fundi alijua, na alikosa raha. Kazi ile aliianza ili mkewe abaki kwenye nafasi yake, na sasa yeye ndiye aliyemtoa. Angeacha kusuka, wateja wangekwenda kwingine na sebule ingekufa kabisa. Angeendelea, mkewe angezeekea jikoni. Wanaume bwana! Badala ya kumkalisha mkewe na kuzungumza naye, akabuni ujanja.

Jumapili ya tatu, akimsuka mwalimu mkuu, alipinda mstari kwa makusudi. Aliupinda vibaya, ukatoka utosini ukaenda kuchungulia sikio. Kisha akapaza sauti, "Mama Pacha, njoo uniokoe, hapa nimeharibu." Mama Pacha akaja mpaka mlangoni na mwiko mkononi, akautazama ule mstari, akamtazama mumewe. Akarudi jikoni. Mwalimu mkuu alipokwisha kusukwa upya na kuondoka, ndipo Mama Pacha alipozungumza, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Wewe hukosei mstari, Baba Pacha. Ukinihurumia, nihurumie chumbani kwetu. Usinihurumie mbele za watu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Wiki nzima waliishi wakisalimiana kama wageni. Karakanani alichomelea bawaba za geti upande usio wake, akazikata akaanza upya, na kila mtu aliyemuuliza ana nini alimwambia ni jua.

Jumamosi umeme ulikatika karakanani hata saa sita haijafika, akafunga, akarudi nyumbani mapema. Alivua viatu barazani kwa sababu ya vumbi la chuma, ndiyo maana mkewe hakumsikia. Alimkuta amesimama mbele ya kioo cha sebuleni, kilemba kiko chini. Alikuwa amekibana kitana katikati ya viganja viwili, kama mtu anayeomba dua, anajaribu kukipitisha kwenye nywele. Kitana kikakwama. Akavuta, kikaanguka. Akainama akakiokota kwa viganja vile vile, akaanza tena.

Fundi alisimama mlangoni, viatu mkononi, akajiona mjinga kuliko wajinga wote waliowahi kuzaliwa. Miezi minane! Alikwisha kuwasuka nesi, mwalimu mkuu, wauza duka, mabibi harusi, na watoto wa shule kumi na wawili. Kila asubuhi alimfunga mkewe kifungo cha gauni. Kilemba kile alikiona kila siku akadhani ni mtindo wa utu uzima. Hata siku moja hakujiuliza chini yake kuna nini.

"Mama Pacha. Nani anakusuka wewe?"

Mkewe alishtuka, akakimbilia kilemba. "Kinyozi hajinyoi," akasema, akajaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Acha, Baba Pacha. Zimejikunja, zimejaa mvi. Utapata taabu bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Fundi akaviweka viatu chini. Akaenda kunawa mikono kwa sabuni mara tatu mpaka weusi ukatoka kwenye kucha. Akaukunjua mkeka uliosimamishwa nyuma ya mlango miezi yote ile, akakaa juu ya kigoda, akaupapasa mkeka katikati ya magoti yake. Huyu alikuwa mkewe wa ndoa, huyu hakuhitaji kiti. Mama Pacha akakiweka kilemba juu ya benchi. Kisha akakaa, akaegemea.

Fundi alizilainisha nywele kwa maji na mafuta, akazifungua fundo baada ya fundo kuanzia nchani, polepole, jinsi alivyofundishwa. Akagawa njia ya kwanza. Akashika tatu, akaokota, akakaza. Hakupata maelekezo, kwa sababu hakuna binadamu anayeona kisogo chake. Alikuwa ameanza mstari wa pili alipousikia mwili wa mkewe ukikakamaa kwenye magoti yake.

"Baba Pacha."

"Naam."

"Unavuta."

"Hivi?"

"Unavuta kama unanyoosha nondo. Toba, mpaka macho yamepanda." Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Fundi akaona balaa, amemliza. Kumbe anacheka. "Nesi na vidonge vyake! Na yule mwalimu mkuu, na mimi nasema mbona siku hizi ana uso wa kushangaa. Masikini watoto wa watu. Wanasema ukitaka uzuri sharti udhurike, na sisi tukadhani ni maneno tu!"

Fundi akaliachia fungu alilolishika. "Wote hawa nimewaumiza? Mbona hakuna aliyesema?"

"Wakuambie wewe? Mtu mzima, umri wa baba zao, umewainamia unahema. Nani angethubutu?" Alijifuta macho kwa nyuma ya mkono. "Na kosa ni langu. Nilikufundishia kwenye kamba nikawa nasema kaza, kaza. Kamba haina ngozi. Mimi sijawahi kuambiwa inauma, Baba Pacha. Magoti yangu ndiyo yalikuwa yanasikia. Mtu akijikunja, nalegeza, hata sifikiri. Nilivyokaa nyuma yako nikawa naangalia mistari tu, kama wewe. Mistari mizuri, nikajisemea basi, kazi yangu imekwisha, mzee ameshajua yote."

"Sijui kitu," alisema Fundi, na safari hii hapakuwa na ujanja wowote. "Nifundishe kulegeza. Lakini wale wateja siwezi kuwakalisha hivi."

Mama Pacha alifikiri. Fundi aliona shingo yake ikinyooka, shingo ile ile aliyokuwa nayo zamani benchi likiwa limejaa na kila mtu anamsubiri yeye. "Sitakaa nyuma yako tena," alisema. "Nitakaa mbele yao, goti kwa goti. Nitawatazama usoni, na kila mmoja nitamwambia ikiuma anifinye mguu. Mimi watanifinya, hawatanionea haya. Nikisema legeza, unalegeza. Hata kama mstari wako utaharibika."

"Nitalegeza."

"Anza sasa. Fumua hizo mbili."

Akazifumua. Akaanza upya, safari hii anasikiliza kwa magoti. Alipokosea, mwili wa mkewe ulimwambia kabla ya mdomo, naye akalegeza. Mstari wa tatu, wa nne. Nywele zilikuwa na mvi nyingi kuliko alivyojua, akazipenda zote, akaona aseme, akasema. "Mvi zimekupendeza, Mama Pacha." Baadaye Fundi alihisi tone la moto likimlowesha juu ya mguu, akasimamisha mikono.

"Inauma?"

"Haiumi," alisema Mama Pacha. "Endelea."

Akaendelea. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira ukutani, na jua likasogea kutoka benchini mpaka kwenye mkeka. Mstari wa mwisho ulipofika shingoni, Mama Pacha aliuinua mkono wake mgonjwa, akapitisha nyuma ya vidole juu ya kichwa chote, kuanzia usoni mpaka kisogoni, polepole, njia moja baada ya nyingine. Kisha akauacha mkono juu ya goti la mumewe.

"Kesho usianze kabla sijakaa," alisema.

"Nitakusubiri," alisema Fundi.