Pikipiki Isiyo na Taa

Mimi pikipiki nazijua: zile za abiria zinazonipigia honi mlangoni pa duka langu la ushonaji, na skuta ya mwenye nyumba. Ya binti yangu ndiyo iliyonishinda. Haina taa, haina vioo, haina hata pa kupakia mtu, na matairi yake yana meno. Nilipomuuliza usiku anaonaje njia, alicheka akasema mashindano ni mchana, tena matopeni.

Mwaka jana alivunjika mtulinga, nikamlisha kwa kijiko mtu mzima na akili zake. Basi tukaahidiana: nitakwenda kumtazama mara moja, na akiwa wa mwisho anaacha, anarudi kwenye cherehani. Nilikwenda nikimwombea awe wa mwisho, Mungu anisamehe.

Walitoka kwa mpigo, ishirini na wawili. Matope yakawafanya wote mapacha. Wangu nilimjua kwa kiraka cha njano nilichokishona begani mwenyewe. Wakaruka vilima, wakapotelea korongoni, wakarudi, wakapotea tena. Nikahesabu mizunguko kwa vidole, nikachanganyikiwa, nikaanza upya. Aliyekuwa nyuma mbona yuko katikati? Huyu naye katokea wapi?

Mara kiraka cha njano kikachomoza kilimani, peke yake mbele, msururu mzima nyuma yake. Mtu akampungia bendera ya buluu. Nikajua ndiyo ya heshima.

Jamani, moyo hauna adabu. Mtulinga niliusahau. Nilipanda juu ya kreti la soda nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, nikamkumbatia fundi wake na grisi zake zote. Fundi akanitazama kwa huruma, sikujua kwa nini.

Walipomaliza, binti yangu alikuja akisukuma pikipiki, macho mekundu. Alivua glavu akaniwekea mkononi.

"Umeshinda, mama. Nimekuwa wa mwisho."

Fundi akanieleza taratibu: wale wa nyuma walikuwa wamemzidi mzunguko mzima, na bendera ile ilimwambia awapishe. Nilielewa nusu. Nilichokiomba nilikuwa nimekishika, kimelowa matope, na hakikuwa na utamu wowote. Nikazigeuza zile glavu, kwani mikono ya fundi cherehani haijui kutulia.

"Hapa kwenye dole gumba pamefumuka," nikasema. "Niachie nikushonee. Mashindano mengine lini?"