Ratiba ya Kupumzika

Kila asubuhi, kabla ya kukabidhiwa funguo za basi, Kuwabara Shigeki alisimama mbele ya meza ya zamu, akapuliza kipimo cha pombe, kisha akaingiza mkono kwenye mashine ya presha. Miaka ishirini na saba alifanya hivyo bila tatizo. Jumatatu moja ya Oktoba mashine ikatoa karatasi yenye mia moja sabini na nne. Tokunaga, msimamizi wa zamu, akamwambia akae dakika kumi apime tena. Ikawa mia moja sabini na tisa.

"Leo hupati funguo, Bwana Kuwabara. Na usinitolee macho, mashine sikuiunda mimi."

Daktari wa kampuni akampa wiki tatu. Apunguze chumvi, atembee, alale mapema, avute pumzi taratibu, tena asiweke mambo moyoni. Presha isiposhuka chini ya mia moja sitini, usukani ndiyo basi tena; atahamishiwa kuosha magari. Kuwabara hakujua kazi nyingine wala hakutaka kuijua.

Mtu mwingine akiambiwa apumzike, hupumzika. Kuwabara alirudi nyumbani akatafuta rula. Akachora ratiba safi kama ile ya kituoni: saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, pumzi, na dakika kumi na nne, kuondoka, na dakika thelathini na tisa, kufika darajani na kugeuza. Jioni, kuoga maji ya moto dakika kumi na moja. Hata kucheka alikutengea dakika tano baada ya chakula, mbele ya televisheni.

Na kwa kuwa madereva wa mabasi wa Matsue, mji wao huo wa Japani, hunyoosha kidole na kuita kwa sauti kila wanachokikagua, mlango, kioo, abiria, mazoea yakamfuata mpaka nyumbani.

"Viatu, sawa! Pumzi, sawa!"

"Baba Rika, majirani wamelala," mkewe Nobue akamwambia.

"Nimechelewa sekunde arobaini."

"Unachelewa wapi? Kutembea?"

Siku hiyo alifika darajani dakika mbili nyuma ya ratiba, akakimbia njia nzima ili azifidie, akarudi ametota jasho na amenuna. Mashine ndogo ya nyumbani ikasoma mia moja sabini.

"Wewe unapumzika kama mtu anayefukuzwa na mbwa," Nobue akasema, akamwekea supu ya kome wa ziwani isiyo na ladha. Kuwabara akainywa kama dawa.

Wiki mbili zikapita hivyo. Kila presha ilipokataa kushuka, aliongeza dakika za pumzi, nayo ikakataa zaidi.

Jumamosi ya mwisho Nobue akavaa viatu akasema wanakwenda wote. Sasa Nobue hatembei, Nobue anazuru. Alisimama kumsalimia muuza tofu, akasimama kumkuna paka wa watu, akasimama kuuliza habari za goti la fulani. Walipokaribia daraja walikuwa nyuma dakika kumi na tisa, na Kuwabara alikuwa anachemka kimya kimya.

Nobue akaonyesha nyumba kando ya mfereji. "Maskini Bi Asanuma. Tangu aanguke ndani ya basi lako mwezi wa sita, hatoki. Anasema miguu imemwisha, basi hapandi tena. Juzi hata nywele alikatiwa humo humo ndani."

Kuwabara akasimama, safari hii bila kuombwa.

Mwezi huo wa sita, kwenye kituo cha hospitali, alikuwa amechelewa dakika mbili. Kidole kilinyooka kwenye kioo, mdomo ukaita "Ndani, sawa!", lakini macho yalikuwa kwenye saa. Akaondoa basi. Bi Asanuma, mama wa miaka themanini na moja, alikuwa hajakaa. Akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Ripoti ikaandikwa kwamba aliteleza. Kuwabara alipompelekea boksi la keki kumwomba radhi, ilivyo ada, bibi ndiye aliyeinama zaidi: "Nisamehe, dereva. Miguu yangu ya kizee imekuletea balaa." Naye akainama vilevile, akanyamaza. Aliona aibu zaidi kwa kunyamaza kule kuliko kwa ajali yenyewe.

"Sikutazama," akasema.

"Hukutazama nini?"

"Kioo. Niliita sawa, na sikutazama. Hakuteleza yule mama."

Nobue hakumkumbatia wala hakulia. "Miezi minne! Mimi nahangaika na chumvi, kumbe jambo lenyewe ni hili?"

"Nikisema watanitoa kwenye usukani."

"Na usiposema, mashine itakutoa. Haya, nieleze tangu mwanzo."

Akaeleza, wameegemea ukingo wa daraja, mpaka jua likapanda. Usiku ule alilala kama mtoto, na ratiba ikabaki ukutani.

Jumatatu alikiri habari ya kioo kabla ya kuingiza mkono kwenye mashine. Tokunaga akaweka kalamu chini.

"Si ungepima kwanza, uchukue funguo, uniambie jioni?"

"Ningezipata, ningenyamaza tena."

"Haya. Weka mkono."

Mia moja arobaini na sita. Tokunaga akaitazama karatasi, akazitazama funguo, akazirudisha kwenye msumari. "Presha imepita. Wewe bado. Ripoti inaandikwa upya, na mpaka wakubwa waamue, huendeshi."

Ilimuuma. Asiyeumia kwa hilo hajawahi kuipenda kazi. Lakini hakurudi nyumbani; alikwenda moja kwa moja hadi ile nyumba ya kando ya mfereji, mikono mitupu, bila keki.

Bi Asanuma alimsikiliza amesimama mlangoni. Kuwabara alipomaliza, akainama, akabaki ameinama.

"Kwa hiyo miguu yangu haina kosa?"

"Haina, mama. Kosa ni langu."

"Miezi minne nimekaa ndani kama mgonjwa!"

Akaufunga mlango kwa kishindo. Kuwabara hakujua aondoke au angoje. Alikuwa bado anafikiri, mlango ukafunguliwa tena. Bi Asanuma alikuwa amevaa viatu na kofia, mkoba begani.

"Nipeleke kituoni. Leo huendeshi wewe, sivyo?"

"Siendeshi, mama."

"Afadhali."

Basi likaja. Kuwabara alimtanguliza bibi, akasimama nyuma yake mpaka alipokaa na kuweka mkoba mapajani. Dereva, kijana mmoja wa zamu ya asubuhi, akanyoosha kidole kwenye kioo, akaita, "Ndani, sawa!"

Kuwabara akageuka, akatazama siti hadi siti. Ilikuwa sawa.