Neno la Mama Verlene

Garth Pruitt aliugonga ukuta wa korido kwa vifundo vya vidole, akatega sikio, kisha akacheka. Ulikuwa ukuta wa bodi za jasi, mwembamba kama kuta za nyumba zote za mtaa ule wa Owasso, Oklahoma.

"Kaka, huu si ukuta, hili ni pazia," alimwambia Dwight. "Risasi ikitoka mlangoni kwako inapita hapa, inapita na pale, inaishia chumba cha mwisho. Nani analala huko?"

"Mama," alisema Dwight.

Lorna, mkewe, alikuwa amesimama jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alimwona mumewe akiutazama mlango wa mama yake mzazi kwa jicho la mtu anayepima mahali pa kuweka kabati.

Yote haya yalitokana na mashine ya kupuliza majani. Mwizi aliibeba gerejini mchana kweupe, mlango ukiwa wazi kwa uzembe wa Dwight mwenyewe. Mtu mwingine angenunua kufuli. Dwight alinunua bastola, akajiandikisha kwa Garth, mwanajeshi mstaafu anayefundisha watu kuzilinda nyumba zao kwa silaha, na tangu hapo akaacha kuongea kama binadamu. Sebule ikawa "eneo la hatari". Chumba chao cha kulala kikawa "ngome". Jirani akipita na mbwa wake, Dwight yuko nyuma ya pazia ananong'ona rangi ya koti. Lorna naye alikokotwa kila Jumamosi kwenda kutoboa karatasi zenye umbo la mtu, akirudi na harufu ya baruti kwenye nywele, akijipa moyo kwamba ni wazimu wa muda tu, utapita.

Na tuseme ukweli, Mama Verlene hakuwa mkwe wa kuringia. Miaka mitatu aliyoishi kwao, alimwita Lorna kwa jina la Connie, mchumba wa zamani wa Dwight, na alianza mchezo huo akili zikiwa bado timamu. Alificha vijiko ndani ya viatu. Alionja maharage ya Lorna akauliza kama kuna mgonjwa nyumbani. Lorna alikuwa ameomba, kimoyomoyo na mara nyingine kwa sauti, bibi huyu apelekwe Wichita kwa binti yake ili naye apumue. Sasa dua yake ilikuwa imeitikiwa na mwanamume mwenye buti.

"Kila mtu wa nyumba hii awe na neno," Garth alieleza. "Ukikutana na mtu gizani, unamdai neno. Akilisema, ni wako. Asipolisema, si wako. Mmechagua lipi?"

"Malenge," alisema Dwight.

Walikuwa wamemfundisha Mama Verlene wiki nzima. Asubuhi analijua, mchana anauliza malenge ya nani.

Garth akafunga mapazia yote, akazima taa, Jumapili alasiri ikageuka giza. Akampa Dwight bastola ya mazoezi, ya plastiki, rangi ya chungwa. Mama Verlene aliambiwa akae chumbani, kisha atoke kama anayefuata maji. Alifurahi kuhusishwa. Kwa kuwa kulikuwa na mgeni, alijipaka rangi ya mdomo, ikapanda hadi shavuni.

Mlango wa mwisho ukafunguka. Dwight akachomoza kutoka ngomeni, magoti yamepinda, mikono miwili mbele, tumbo nalo mbele.

"Simama hapo hapo! Neno!"

Mama Verlene akasimama. Akamtazama mwanawe, akakitazama kile kitu kilichoelekezwa kifuani pake, uso ukamchangamka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Tafadhali," alisema.

Lorna alielewa kabla ya wote. Huko kwao, mtoto akinyoosha mkono kudai mkate, mama huivuta sahani na kumwuliza: neno gani? Hapati kitu mpaka aseme tafadhali. Lorna alilelewa hivyo. Dwight alilelewa hivyo, na mwanamke huyu huyu. Akili za mama wa watu zilikuwa zimemwaga karibu kila kitu, hilo zikalibakiza.

"Si hilo," alisema Dwight. Hakuishusha bastola. "Neno, Mama."

"Tafadhali," alirudia polepole, kama anayemsaidia. "Tafadhali, mwanangu."

"Ameshakufa," alisema Garth, akawasha taa. "Umekawia kidogo, kaka, lakini mikono imetulia. Hongera."

Dwight akacheka. Kile kicheko cha kusifiwa kilimtia Lorna kinyaa. Alivitazama vidole vya mumewe, vimeng'ang'ania plastiki, vimelowa jasho, akajua kwamba vikimgusa leo atatapika.

"Bibi hawezi neno, basi," Garth aliendelea. "Weka komeo kwa nje. Jioni unafunga, asubuhi unafungua. Wengi wanafanya hivyo. Ninalo moja garini."

"Na nyumba ikishika moto?" Lorna aliuliza.

"Shemeji, hapa tunaongelea wezi."

"Ni kwa usalama wake," alidakia Dwight. "Halafu si wewe uliyechoka naye? Hatazunguka tena, hutamsikia. Mimi nilidhani utafurahi."

Hapo ndipo alipochomwa, maana Dwight hakusema uongo. Alikuwa amechoka naye, alitamani aondoke, na mumewe alikuwa anampa alichotamani kama paka anayemletea mwenye nyumba panya mfu.

"Nilitaka aende kwa bintiye," alisema. "Sikutaka afugwe."

"Usianze, Lorna."

Hakuanza. Alimshika Mama Verlene kiwiko, akamrudisha chumbani, akamkalisha kitandani, akamfuta shavu kwa kile kitambaa cha vyombo. Chumba kilinuka poda na mkojo. Siku zote aliingia humo amebana pumzi. Leo alivuta hewa kifua kizima, kwani ya koridoni ndiyo iliyooza.

"Connie, nimefanya vizuri?"

"Umefanya vizuri, Mama."

Buti za Garth zikarudi kutoka garini. Kukawa na minong'ono, kisha mashine ya kutobolea ikaanza kunguruma na unga mweupe ukadondoka kwenye zulia, upande wao.

"Dwight," Lorna alisema, bila kunyanyuka. "Ukilifunga hilo, unanifungia na mimi."

Mashine ikanyamaza. Walimsikia akihema, akiwaza, au labda akimtazama mwalimu wake. Kisha ikaendelea.

Mama Verlene aliuelekezea mlango uso wake. "Nani huyo anahangaika hapo nje?"

"Ni Dwight."

"Masikini," alisema bibi, akajisogeza kitandani kumwachia nafasi. "Mwambie aingie tu. Mlango haujafungwa."